Siku saba za kusoma jangwa la Chalbi na ziwa Turkana: nilicholipia na nilichopata

Wacha nianze na bei manake najua ndio swali la kwanza kila mtu ananiuliza. Nimelipa shilingi 74,000 kwa siku saba, usiku sita, kuanzia Marsabit mjini, kaskazini mwa Kenya, na kurudi hapo hapo Marsabit mjini. Ndani ya hio pesa kuna gari, hema, chakula, maji ya kunywa, viingilio na vifaa vya kupimia. Nauli ya kufika Marsabit unajilipia. Mimi nilitokea Meru, nikapanda basi Isiolo, na barabara sasa ni lami tupu mpaka juu, kwa hivo hio sehemu isikutishe. Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 500 lakini unalala tu kwa kiti unafika.

Jina la kampuni siliandiki hapa. Nina malalamiko na nimeshawapelekea wenyewe, hapa nataka tuongee kuhusu huduma yenyewe, manake hizi safari za kusoma zimeanza kuwa nyingi na zinafanana sana kwa matangazo, kila moja ina picha ya machweo na ngamia. Ukishasoma hii utajua cha kuuliza kabla hujatuma pesa.

Mimi nafundisha jiografia shule ya upili. Miaka kumi na moja nimesimama mbele ya darasa nikifundisha topiki ya majangwa na sijawahi kukanyaga jangwa hata siku moja. Mtoto mmoja wa kidato cha pili aliniuliza mwaka jana, mwalimu, kama Chalbi hakuna mvua, wale watu wanakunywa nini? Nikamjibu visima. Akauliza, na visima vinatoa wapi? Nikasema tutaangalia wiki ijayo. Hilo swali ndilo lililonitoa hizo elfu sabini na nne, na nasema kabisa kwamba nilipewa jibu, tena jibu kamili, lakini halikutoka kwa ratiba ya kampuni.

Tulikuwa tisa, gari mbili za Land Cruiser, dereva wawili, mpishi, mratibu kijana mwenye digrii ya jiolojia, na mzee mmoja Mgabra, wale wafugaji wa ngamia wa Chalbi, wa kutoka kijiji cha Kalacha, ambaye kwa tangazo hakutajwa popote. Kwa orodha ya wafanyakazi ameandikwa "msaidizi". Shika hilo neno, nitalirudia.

Siku ya kwanza ni mlima Marsabit wenyewe, na nakiri nilinung'unika, nilikuja jangwani naanza na msitu wa baridi wa kuvaa sweta? Kumbe wamepanga vizuri hapo, pongezi kwao. Marsabit ni volkano ya zamani iliyosimama peke yake katikati ya tambarare kavu, juu kuna msitu, na asubuhi ukungu unakaa kwa miti mpaka saa tatu hivi. Mratibu alitupeleka ndani tukashika matawi, yale makuvu yanayoning'inia yameloa kama kitambaa kilichotolewa kwa beseni, na maji yanadondoka chini ilhali hakujanyesha. Huko juu mvua ya mwaka ni mara tatu au nne ya ile ya Chalbi, ambako haifiki milimita 200. Yaani mlima unakamua mawingu. Kreta ya Gof Sokorte Guda yenye ziwa Paradise tuliiona kwa ukingo tu, na ndio huko alikuwa akiishi yule ndovu Ahmed aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka wa 1970, akafa mwaka wa 1974. Hadithi ya Ahmed tulipewa ndefu sana, nusu saa nzima, wakati swali la maji ya mlima yanaelekea wapi lilijibiwa kwa sentensi moja. Hapo nilianza kuona tatizo la hii safari liko wapi.

Jioni tukaenda visima vya kuimba vya Ulanula. Wakati wa kiangazi Waborana wanashuka kwa kisima wanajipanga mmoja juu ya mwingine, ndoo inapanda mkono kwa mkono na wimbo ndio unaweka mwendo, wimbo ukivunjika ndoo inamwagika. Nilisimama hapo nikashindwa kupiga picha, na nashukuru mzee alitwambia mapema tuweke simu mfukoni, watu wako kazini. Ngamia, ng'ombe na mbuzi wanangoja zamu zao, hakuna fujo, kila familia inajua saa yake na kisima chake. Mwalimu wa jiografia kama mimi anafundishaga "matumizi ya maji" kana kwamba ni bomba na mita. Pale nikaona sheria nzima ya maji inatembea kwa miguu.

Siku ya pili tukashuka. Hii shuka lazima niieleze manake hakuna picha imewahi kunionyesha. Unatoka kwa baridi, baada ya dakika arobaini hivi umevua sweta, baada ya saa moja na nusu umefungua vifungo vya shati, na ardhi inabadilika rangi mbele yako, kwanza kijani, alafu nyasi za manjano, alafu mawe meusi ya volkano yamepangwa kama mtu ameyamwaga na lori, kilomita na kilomita, alafu ghafla mawe yanaisha na kuna weupe. Hiyo ndio Chalbi. Tambarare kabisa, ardhi imepasukapasuka, juu kuna ukoko wa chumvi unaovunjika ukikanyaga kama kaki. Kwa mbali kuna maji yanametameta na miti imesimama ndani yake kichwa chini, na hayo ni mazigazi tu, dereva alisema hata yeye baada ya miaka yote hiyo bado saa zingine macho yanamdanganya.

Mratibu alikuwa vizuri sana hapa, sitamnyima haki yake. Alitushukisha, akatwambia tupige magoti tutafute, na ndani ya dakika tano kila mtu alikuwa na gamba la konokono wa majini kwa kiganja. Chalbi ilikuwa ziwa. Miaka kama elfu kumi iliyopita mvua ilikuwa nyingi huku, bonde hili likajaa, ziwa Turkana nalo likapanda makumi ya mita juu ya lilivyo sasa mpaka likamwagika upande wa mto Nile. Ndio sababu mpaka leo Turkana ina mamba wa Nile na sangara, walibaki wakati mlango ulipofungwa. Hio kitu nimeisoma kwa vitabu mara ngapi sijui, lakini gamba likiwa kwa mkono wako na jua linakupiga kisogoni na hakuna tone la maji popote unapoangalia, linaingia kwa njia nyingine kabisa.

Sasa Kalacha.

Tulifika kama saa nane mchana na kulikuwa na upepo wa moto. Kuna chemchemi, kuna mikoma imesimama, kuna majani ya kijani kabisa, na hatua mia mbili kutoka hapo ni chumvi tupu. Kwa ratiba ilikuwa "mapumziko na kupiga picha". Watu wakaingia kivulini. Mzee akanikuta nimesimama nikikodolea macho chemchemi nikijiuliza swali la yule mtoto, akaniambia, "Mwalimu, usiangalie maji. Angalia mawe." Nikamuuliza mawe gani, mzee? Akanishika mkono tukatembea.

Alinipeleka mpaka pale jiwe jeusi linaishia na udongo mweupe unaanza, na akaburuta fimbo yake chini kwa huo mstari. Hapa ndio mshono, akasema, na maji yanatoka kwa mshono. Mvua ya milima ya Huri na ya Marsabit haipotei, inaingia kwa nyufa za mawe meusi na kutembea chini kwa chini, ikifika hapa inakutana na udongo mzito wa lile ziwa la zamani, haiwezi kupita, kwa hivo inapanda. Ndio sababu Maikona iko pale ilipo, Kalacha iko pale ilipo, North Horr iko pale ilipo, zote zimekaa ukingoni mwa Chalbi. Mji haukuchagua mahali, maji yalichagua kwanza. Baadaye nilimuuliza mratibu akanithibitishia kwamba ndivyo jiolojia inavyosema, lava ina nyufa, matope ya ziwa yameshikana, chemchemi zinatokea pale viwili vinapokutana, akanichorea hata mchoro mzuri kwa daftari. Lakini yeye alikuwa na huo mchoro kichwani siku mbili na hakutuonyesha mpaka nilipomuuliza, manake kwa ratiba hakuna mahali pameandikwa "maji".

Mzee akaendelea na mimea. Mswaki ukiuona umestawi ujue maji hayako mbali chini lakini yanaweza kuwa na chumvi. Mkoma ukisimama kundi, chimba. Mgunga hauaminiki sana, mizizi yake inaenda mbali sana, unaweza kuchimba ukafa na kiu chini ya mti wa kijani. Mti wa mathenge yeye hataki hata kuutaja. Akaangalia kichaka kimoja kando ya chemchemi akatema mate, akasema huu mti uliletwa tukaambiwa utasaidia, sasa unakunywa kabla ya ngamia, na maganda yake yanaharibu meno ya mbuzi. Kile kichaka nilikiona kwa macho yangu kimefunga njia nzima ya mifugo.

Ngamia anaweza kukaa siku kumi na zaidi bila kunywa wakati wa kiangazi, anaweza kupoteza robo ya uzito wake kwa kukauka na asife, alafu akifika kisimani anakunywa lita mia kwa dakika chache. Hizo namba nazijua kutoka vitabuni. Mzee alinionyesha zinamaanisha nini. Milima ya Huri ina nyasi nzuri baada ya mvua lakini haina maji ya kudumu, ng'ombe hawezi kukaa kule, ngamia anaweza, kwa hivo vijana wanaenda na ngamia wa fora, yaani wa kambi za mbali na nyumbani, siku nyingi, wakiishi kwa maziwa, na nyasi za karibu na kisima zinabaki kwa mbuzi na kondoo. Hesabu yote ya nani anakula wapi inaanzia kwa siku ngapi mnyama anaweza kuvumilia. Nilikaa kwa mawe nikaandika kurasa nne, jua likanichoma mpaka shingo ikabanduka ngozi.

Asubuhi ya siku ya tatu saa moja na nusu mzee alituamsha watu watatu tuliokuwa tayari, tukakaa kimya nyuma ya mkoma. Saa mbili na nusu hivi wakaanza kuja firigogo, wale ndege wa rangi ya mchanga wanaofanana na njiwa, kwanza wawili, alafu kumi, alafu makundi makundi kutoka pande zote wakiita angani, wanatua mbali kidogo na maji, wanatembea haraka, wanakunywa sekunde chache na kuruka. Dume mmoja aliingia majini mpaka tumboni akawa anajitikisa. Manyoya ya tumbo la dume yanashika maji kama sifongo, ndio anawabebea vifaranga walioko mbali huko jangwani, hawawezi kuruka bado, wananyonya maji kutoka kwa manyoya ya baba yao. Mwenzetu mmoja, mama wa makamo anayefanya kazi maktaba, alikuwa analia kimyakimya na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Saa nne kasoro dereva akapiga honi. Firigogo walikuwa bado wanakuja. Ratiba inasema North Horr, chakula cha mchana.

Hapo ndio lalamiko langu kubwa la kwanza na nililiandika kwa fomu yao kwa herufi kubwa. Kalacha tulipewa usiku mmoja, Loiyangalani, kule kando ya ziwa Turkana, tukapewa tatu, na moja ya hizo tatu ilipotea bure kama nitakavyoeleza. Kwa mtu anayetaka kusoma ardhi na maji na wanyama kwa pamoja, Kalacha ndio darasa lenyewe, kila kitu kiko ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu, jiwe jeusi, udongo mweupe, chemchemi, mimea, mifugo, ndege, nyayo za usiku. Ukienda, ombeni usiku mbili hapo. Kikundi chote kikisema mapema wanaweza kubadilisha, dereva mwenyewe aliniambia.

Wanyama wengine, kwa ufupi. Usitegemee makundi kama ya mbuga za kusini. Tuliona choroa wanne kwa mbali, mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya buluu, swala twiga akisimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya juu, na huyo hahitaji hata kunywa, maji anayapata kwa majani. Choroa mwili wake unaweza kupanda joto mpaka digrii 45 na asitoe jasho, anahifadhi maji kwa kuuacha mwili uchemke kidogo, damu inayoenda kwa ubongo inapoozwa njiani na ile mishipa ya puani. Punda milia wa Grevy tuliwaona siku ya mwisho karibu na Laisamis, saba, na kila mtu kwa gari alinyamaza manake wamebaki kama elfu tatu tu duniani na wengi wao ni wa hapa kwetu Kenya. Kampuni ina kamera mbili za kutega usiku. Moja haikuwa na betri. Ya pili ilitegwa chemchemini Kalacha na ikapata bweha na fisi milia, picha nzuri kabisa, fisi amesimamisha manyoya ya mgongo. Hebu fikiria kama zingekuwa zote mbili na usiku mbili.

Safari ya kutoka North Horr mpaka Loiyangalani ni ndefu na mbaya, mawe tu, tulifika usiku mgongo umeisha. Asubuhi ukitoka hemani unaona ziwa na unasahau. Ni kijani kweli, si buluu, kijani cha zumaridi kwa sababu ya mwani, na limezungukwa na mawe meusi bila mti hata mmoja, na mkono wako wa kushoto kuna mikoma ya Loiyangalani inapigwa na upepo. Ule upepo! Unavuma usiku na asubuhi kwa nguvu zake zote, mchana unapungua. Hewa inabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda zetu za juu, ikipita hapo katikati inaongeza kasi, ndio maana walijenga ile mitambo ya umeme wa upepo, 365, jumla megawati 310, tuliipita siku ya kurudi. Njooni na kamba za ziada za hema na vigingi vya chuma. Hema mbili za kampuni zilipasuka usiku wa kwanza, hazikuwa za upepo huo hata kidogo, ni za kwenda kulala bustanini.

Ziwani ndio vifaa vya kupimia vilitoka. Kuna kile kidude kama kalamu cha kupima chumvi na kingine cha kupima magadi (pH), na hicho cha magadi kilikuwa kinasoma 6 hata kwa maji ya ziwa ambayo kila mtu anajua yako zaidi ya 9. Hawakuwa na ile dawa ya kukirekebishia. Kwa kozi ya pesa hizo ni makosa. Cha chumvi kilifanya kazi na tulikitumia vizuri, tukapima chemchemi ya Loiyangalani, alafu ziwa, tofauti ilikuwa kubwa sana. Maji ya ziwa yana kama gramu mbili na nusu za chumvi kwa lita, bahari ni 35, kwa hivo ziwa si chumvi kama bahari lakini kwa kunywa ni taabu, na floridi ndio mbaya zaidi, utaiona kwa meno ya watu wazima, kahawia.

Mratibu alieleza vizuri jinsi karibu asilimia 90 ya maji yote ya ziwa yanaingia kwa mto Omo kutoka Ethiopia, na ziwa halina mlango wa kutokea, linapungua kwa jua tu, zaidi ya mita mbili kwa mwaka zinapanda hewani. Kwa hivo anayeshika Omo ameshika ziwa. Bwawa la Gibe III lilizinduliwa mwaka wa 2016, na mwaka wa 2018 UNESCO ikaweka mbuga za ziwa Turkana kwa orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba wakati watu wanaogopa ziwa kukauka, lenyewe lilipanda kwa mvua za 2019 na 2020, na kijiji cha Komote cha Waelmolo kikakatwa na nchi kavu kikawa kisiwa. Tulivuka kwa mashua. Mvuvi mmoja alitwonyesha kwa kidole mahali barabara ilipopita, ni maji matupu sasa, alafu akatwambia bila kukasirika kwamba kila mtu anayekuja anawaambia kitu tofauti kuhusu ziwa lao. Nililiandika hilo darasani kwangu kwa ukuta.

Siku ya sita ndio ilipotea. Tangazo linasema mbuga ya Sibiloi na Koobi Fora, kule kunakochimbuliwa visukuku vya watu wa kale. Mimi nililipa kwa sababu ya Koobi Fora kwa kiasi kikubwa. Asubuhi tukaambiwa mafuta hayatoshi na barabara ni mbaya, tutaenda makumbusho ya Loiyangalani badala yake. Haya, makumbusho ya jangwa ni mazuri, yalifunguliwa 2008, yamekaa kilimani yanaangalia ziwa, na nawashauri muende, lakini ni ya saa mbili, si ya siku nzima. Na hakuna mtu alilipa ili kusikia hadithi ya mafuta. Umbali ulijulikana tangu wapangaji walipoandika tangazo. Aidha waongeze siku mbili na bei, aidha watoe hilo jina.

Kitu kimoja kilitokea makumbusho. Kuna habari za visukuku vya ziwa Turkana, na mratibu akataja yule Mvulana wa Turkana aliyepatikana Nariokotome, ng'ambo ya magharibi, mwaka wa 1984, mifupa ya mtu wa kale ya miaka milioni moja na nusu hivi, na aliyeiona kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kama kibarua wa kuchimba. Aliona kipande kidogo cha fuvu rangi sawa na kokoto zilizokizunguka. Nikamtazama mzee wetu amesimama mlangoni manake hakualikwa kuingia na kikundi, amejishikilia kwa fimbo yake. Nikatoka nikamuuliza kama anataka kuingia. Akasema ameshaingia mara nyingi, kuna picha ya kibuyu cha maziwa imeandikwa vibaya, amewaambia.

Narudi sasa kwa lile neno "msaidizi". Kila nilichokiandika kwa daftari kikawa na thamani darasani kilianzia kwa huyu mzee, na mratibu akakikamilisha. Wawili hao wakifundisha pamoja hii kozi ni ya kiwango cha juu sana, sijui mahali pengine utapata hicho kitu. Lakini mzee hana saa yake kwa ratiba, anafundisha ukimfuata, na watu sita kati ya tisa hawakumfuata kwa sababu hawakujua. Nilimuuliza dereva anavyolipwa, akanitajia, sitaandika, ila ni kidogo kuliko mpishi. Hilo silipokei hata kidogo. Kampuni inauza kichwa cha mtu na kumlipa kama anabeba mizigo.

Na hakukuwa na mwanamke hata mmoja kwa timu yao. Kwa Wagabra nyumba ni ya mwanamke, yeye ndiye anaifumua na kuipakia kwa ngamia na kuijenga tena, na maji ya nyumbani ni yeye, kwa hivo nusu ya elimu ya maji ya Chalbi ilikuwa imekaa mbele yetu Kalacha inatuangalia na hatukuwa na mtu wa kutufasiria. Yule mama wa maktaba alijaribu kwa ishara, wakacheka pamoja sana, akarudi na kibuyu cha maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, lakini maswali yake yote alirudi nayo.

Chakula kilikuwa kizuri, chapati kila asubuhi hata kwa upepo ule. Maji ya kunywa walisema bila kipimo, ikawa lita tano kwa mtu kwa siku kuanzia siku ya nne. Lita tano zinatosha kama hutembei mchana, mimi nilitembea, nikanunua mengine Loiyangalani.

Nilirudi na chupa mbili, lita moja ya ziwa na lita moja ya chemchemi ya Kalacha. Tukazimwaga kwa sinia mbili juu ya paa la maabara, zikakauka, watoto wakakwangua na kupima kwa mizani. Ya ziwa ilitoa unga mweupe kama nusu kijiko cha chai. Yule mtoto wa swali la visima, sasa yuko kidato cha tatu, ndiye aliyeshika mizani, na mchoro wa mshono aliuchora yeye kwa ubao, jiwe jeusi upande huu, udongo mweupe upande ule.

Kama unataka kwenda: usiende Machi mpaka Mei, wala Oktoba mpaka Desemba, Chalbi ikinyeshewa inakuwa tope na gari linazama mpaka milango. Mimi nilienda mwishoni mwa Januari. Beba kofia ya kufunga kidevuni, miwani ya vumbi, viatu vya kufunika kabisa maana piri na nge wapo kwa mawe ya ziwani, na daftari ya karatasi, simu inazimika kwa joto. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: mzee wa Kalacha yuko? Kalacha ni usiku ngapi? Na kidude cha magadi kimerekebishwa lini? Wakijikanyaga kwa lolote, subiri.

Nimewaandikia yote haya, kurasa mbili. Walijibu baada ya siku tisa. Wamerudisha shilingi 6,000 kwa kila mtu kwa ajili ya Koobi Fora, na wamesema safari ya Agosti Kalacha itakuwa usiku mbili, mzee ataandikwa mwalimu kwa ratiba na kulipwa kama mratibu, na wanaongea na mama mmoja wa hapo Kalacha aje kufasiri. Nimelipa arbuni ya watu wawili, mimi na mwalimu wetu wa kemia, na dawa ya kurekebisha kile kidude anakuja nayo yeye.